Fahamu: Dinosauri waliojificha chini ya barafu katika Ice Age

Ice Age: Dawn of the Dinosaurs ni filamu ya katuni ya Marekani iliyotoka mwaka 2009, ya tatu katika mfululizo wake. Ilitengenezwa na Blue Sky Studios na kuongozwa na Mbrazili Carlos Saldanha. Sid, slothi anayetamani familia, anaokota mayai matatu. Yanapoanguliwa, wanatoka vifaranga wa Tyrannosaurus. Mama yao anapokuja kuwachukua, anaondoka na Sid pia. Manny, ambaye ni mamothi, na wenzake wanamfuata hadi kwenye bonde la joto chini ya barafu, ambako dinosauri bado wanaishi. Anayewaonyesha njia ni Buck, kicheche mwenye jicho moja, mhusika anayeibeba filamu kuliko wote.

Kisayansi, mkutano huo haukuwezekana. Dinosauri walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, isipokuwa ukoo uliozaa ndege wa leo. Mamothi wenye manyoya walidumu hadi miaka 4,000 hivi iliyopita katika kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Urusi, wakati piramidi za Giza zilikuwa zimekwisha kujengwa.

Buck alipata filamu yake mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Disney kuifunga Blue Sky.