Kivu Kusini: mwanafunzi wa Kabare arudi kwenye nyuki baada ya kundi la kwanza kumkimbia

Mzinga wa kwanza wa mwanafunzi huyu wa kilimo, mwenyeji wa Kabare karibu na Bukavu, ulikaa na nyuki miezi miwili tu. Aliuunda mwenyewe, kwa mbao zilizonunuliwa kwa pesa ya mbuzi wa nyumbani, kama kazi yake ya kumaliza masomo. Siku alipoufungua, masega yalivunjika, asali na majana vikaanguka chini. Siku chache baadaye kundi lote likahama.

Kosa lilikuwa kwenye mbao za juu, zile ambazo nyuki hushikiza masega yao. Alizikata kwa kukadiria, zaidi ya sentimita nne. Kwa nyuki wa Afrika upana unaofaa ni milimita 32. Ukizidi, sega moja linashika mbao mbili, na ukiinua moja unararua kazi yao. Kipimo hicho kilikuwa katika daftari lake la darasani tangu mwaka uliotangulia. Darasani hakuna anayekata mbao.

Mama yake, aliyekuwa amemweka mbuzi huyo kwa ajili ya minerval ya wadogo zake, hakutaka tena kusikia habari za nyuki. Aliyemtetea ni mzee jirani, mfugaji wa mizinga ya magogo tangu ujana. Mzee alimwonyesha kupaka nta ndani ya mzinga ili harufu iwavute nyuki, kuutundika kwa waya, na kupaka waya huo mafuta machafu ya gari ili siafu wasipite. Kufungua ni jioni, kwa moshi kidogo. Kuhusu milimita 32 mzee hajashawishika: gogo lake halina gharama.

Kundi la pili liliingia lenyewe wakati wa maua. Sasa kijana hamtafuti malkia. Akiona mayai kwenye vyumba vya sega, anajua yupo. Kutoka yai hadi nyuki kibarua ni takriban wiki tatu, na hesabu hiyo anaiandika kwa kalamu ya risasi kwenye mfuniko.

Amevuna masega manne tu, yaliyokwisha kufunikwa kwa nta, kwani asali isiyofunikwa ina maji mengi na huchacha. Mengine amewaachia nyuki. Asali ilijaza bidoni ya lita tatu, na mama aliipokea bila kusema neno. Deni la mbuzi bado lipo.