Jina Ku Mulango: Kusoma Doktora Kule Ubelgiji

Wanafunzi wenzetu, wengi kati yetu wanaota kwenda siku moja kusoma doktora kule Ubelgiji. Kwa kawaida tunauliza habari ya baridi na ya chakula. Sisi tuanze na kitu kidogo: jina lako ku sanduku ya barua.

Mugeni akifika na viza ya kukaa muda murefu, inamupasa kujiandikisha ku komini katika siku 8 za kazi. Halafu polisi wa kartie anakuja kuangalia kama anakaa pale kweli. Asipoona jina ku mulango, anaweza kuandika kwamba hapana mutu wa namna hiyo, na karatasi ya kukaa inakawia. Bila karatasi, kufungua konti ku banki kunakuwa taabu, na pesa ya burse inangoja konti. Basi, inafaa kubeba pesa ya kula mwezi wa kwanza na wa pili.

Mwenye nyumba ataomba garanti, mara nyingi kodi ya miezi 2. Usimupe mukononi! Sheria inataka iwekwe ku banki, katika konti ya jina lako.

Ku munganga, mara nyingi unalipa kwanza wewe, kisha mutuele inakurudishia sehemu.

Tena tusichanganye Leuven na Louvain-la-Neuve. Chuo kiligawanyika kwa sababu ya mabishano ya luga ya mwaka 1968. Kule Leuven barua ya komini inafika kwa Kiflama, hata kama teze yako unaiandika kwa Kiingereza. Mwenye kujua Kifaransa tu atafute jirani wa kumusomea.