Kompyuta ya zamani bado ina kazi: namna programu huria inavyoirejesha mezani

KWA mwenye duka la steshenari katika mji wa Buseresere, wilayani Chato mkoani Geita, kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ndiyo mtaji wenyewe. Ikisimama, hakuna barua ya maombi ya kazi itakayochapwa wala mtihani wa majaribio utakaotolewa nakala.

Mtaji wa namna hiyo uliingia mashakani tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai memori isiyopungua GB 4 pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho mashine nyingi kuukuu hazina. Mashine hiyo haitazimika, lakini isipoandikishwa katika mpango wa nyongeza, kasoro mpya za usalama hazitazibwa, ilhali inapokea flashi za wateja kutwa nzima.

Njia iliyopo ni Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuirekebisha na kuigawa. Nchini si jambo geni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili.

Kwanza tazama prosesa na memori. Yenye biti 64 na memori ya GB 2 huweza kubeba Linux Mint ya Xfce, ingawa GB 4 ni afadhali. Kwa prosesa ya biti 32, Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi chake. Debian 13 haina.

Pili, hamishia mafaili yote kwenye diski nyingine, kwa kuwa usakinishaji unaweza kufuta kila kitu. Kisha andika faili la mfumo kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Kulinakili tu hakutoshi. Washa kompyuta ukibonyeza F12 kwa Dell, au F9 kwa HP, uchague flashi.

Usisakinishe papo hapo. Linux Mint huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu printa, skana na intaneti. Kifaa kikigoma, au biashara ikitegemea programu ya Windows pekee, ni heri kujua kabla ya kufuta.

Faili la Linux Mint hufikia takriban GB 3, mzigo mzito kwa bando la simu. Hata hivyo, likipakuliwa mara moja, flashi hiyo hiyo yaweza kuzunguka Buseresere hadi Katoro, mji unaopakana nao, na kusakinisha mashine kumi pasipo kuvunja sheria wala kulipia leseni.