Tovuti ya gesti ilipokuwa nyeupe pe: namna ya kubadili toleo la PHP

Agosti shule zinapofungwa, familia nyingi za Mombasa hupanda treni hadi Nairobi, kisha matatu hadi Nakuru, watoto wakaone ziwa na vifaru. Binamu yangu ana gesti ndogo huko, vyumba tisa, na wageni wake wengi ni sisi watu wa pwani, maana asubuhi kuna mahamri na jikoni hakuna wasiwasi wa halali. Nafasi huwekwa kupitia tovuti yake. Agosti iliyopita, Ijumaa jioni, akanipigia simu.

"Kaka, tovuti imekuwa nyeupe pe. Hakuna hata herufi moja. Na wallahi hakuna aliyeigusa."

Alisema kweli. Tovuti haikuguswa, iliyoguswa ni seva.

Tovuti yake imejengwa kwa WordPress, na WordPress imeandikwa kwa PHP, lugha ya kompyuta iliyotolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Mtu akifungua ukurasa, seva husoma maagizo ya PHP, huchota maneno kwenye hifadhidata, huunganisha ukurasa na kumpelekea. Ikikuta agizo isilolijua, husimama papo hapo. Ndio ule weupe.

Binamu hana seva yake mwenyewe. Hukodi nafasi kwenye seva ya pamoja, ambako mamia ya tovuti hukaa katika kompyuta moja. Ni kama nyumba ya Kiswahili iliyopangishwa vyumba: kila mpangaji ana mlango wake, lakini paa, ukumbi na nyaya ni vya mwenye nyumba. Siku akibadilisha nyaya, redio kuukuu ya chumba cha nne inaweza kunyamaza ingawa mpangaji hakukosa lolote.

Kampuni ilikuwa imewahamisha wapangaji wake kutoka toleo 7.4 la PHP hadi 8.2. Toleo 7.4 lilitoka Novemba 2019, na waundaji wa PHP waliacha kulitengenezea viraka vya usalama tarehe 28 Novemba 2022. Tundu likigunduliwa baada ya hapo, wao hawalizibi tena. Zipo kampuni zinazonunua viraka vya matoleo ya kale kutoka kwa wengine, lakini si zote, na mpangaji hajui mpaka aulize. Kwa hiyo kuhama ilikuwa haki. Kuhamisha watu Ijumaa ya Agosti ndiko kusikoniingia akilini.

Na gesti si blogu ya mashairi. Huchukua majina, nambari za simu na za vitambulisho vya wageni. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari hizo, zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Wadukuzi hawachagui ukubwa wa biashara. Programu zao hupita mtandaoni usiku na mchana zikibisha kila mlango, zikitafuta komeo kuukuu.

Kampuni ilikuwa imetuma barua pepe ya onyo, tena mara mbili. WordPress nayo, tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, humwandikia msimamizi wa tovuti ikipata hitilafu kubwa. Barua zote zilikwenda kwa kijana aliyeijenga tovuti mwaka 2016, ambaye siku hizi yuko Doha kikazi. Akaunti ilikuwa kwa jina lake, nywila anayo yeye, na barua pepe ile hakuwa akiifungua tena. Tulimpata baada ya isha, kupitia kwa mamake. Kazi yenyewe ya kurudisha tovuti ilichukua dakika tano. Kutafuta ufunguo kulichukua saa nne.

Tulipoingia, tulianza na faili liitwalo error_log, lililokuwa ndani ya folda ya tovuti. Usiliogope kwa wingi wa maandishi: tazama mistari ya mwisho, hutaja faili gani limekwama na mstari wa ngapi. Letu lilitaja mandhari ya tovuti na neno create_function. Mwaka 2016 neno hilo lilikuwa halali. Toleo 7.2 la mwaka 2017 lilionya kwamba linaachwa, na toleo 8.0 la Novemba 2020 likalifuta kabisa.

Bahati nzuri 7.4 ilikuwa bado katika orodha. Kwenye paneli ya cPanel kuna sehemu iitwayo MultiPHP Manager: unachagua anwani ya tovuti, unachagua toleo, unathibitisha. Tukairudisha 7.4, wageni wakaendelea kuweka nafasi. Hiyo ilikuwa dawa ya kutuliza homa tu, na nilimwambia hivyo.

Jumatatu tukafanya kazi yenyewe. Kwanza nakala ya akiba, ya mafaili na ya hifadhidata pia, ikashushwa hadi kwenye kompyuta yake. Nakala inayobaki kwenye seva ileile huungua pamoja na nyumba. Kisha tukatengeneza tovuti pacha kwenye anwani ndogo ya majaribio, yenye hifadhidata yake, na hiyo peke yake tukaipa 8.2. MultiPHP Manager huruhusu kila anwani iwe na toleo lake. Kampuni nyingine hutumia PHP Selector ya CloudLinux, ambayo kwa kawaida hubadilisha akaunti nzima kwa mpigo, kwa hiyo uliza kabla hujabonyeza. Kwenye pacha tukasasisha WordPress, kisha programu-jalizi moja baada ya nyingine, tukitazama ukurasa kila mara. Mandhari ya 2016 haikuwa na mwenyewe tena. Tukaiweka mpya.

Ukurasa wa mbele ulifunguka vizuri, na hapo ndipo wengi hupiga makofi na kwenda zao. Sisi tukajaza fomu ya kuweka nafasi. Ikashukuru kwa adabu, na barua isifike popote: programu-jalizi ya kutuma barua ilikuwa ya zamani. Picha ya chumba nayo ikakataa kupanda, kwa sababu mipangilio ya ukubwa wa mafaili haikufuata kutoka toleo la zamani. Viongezi vya PHP pia huwashwa upya kwa kila toleo, hasa kile cha kuongea na hifadhidata. Malipo ya M-Pesa tuliyajaribu kwa shilingi kumi, tukangoja hadi uthibitisho ukaonekana upande wa tovuti pia.

Alhamisi saa tano usiku, wageni wamelala, tukaihamisha tovuti halisi.

Toleo 8.2 litapata viraka vya usalama hadi tarehe 31 Desemba 2026, 8.3 hadi mwisho wa 2027, na 8.4 hadi mwisho wa 2028. Binamu ameziandika tarehe hizo kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma ya meza ya mapokezi, chini ya ile ya leseni ya kaunti. Barua pepe ya akaunti sasa ni yake mwenyewe, nywila anayo yeye na mkewe.