Nani astahiliye kuvaa jezi ya Kenya?

Ubishi wa Mulot ni ubishi wa nchi nzima: tumpeleke bingwa mwenye jina, au aliyeshinda siku ya mchujo?

UKITOKA Narok kwa matatu ukielekea Bomet, Mulot ndipo unapojua kwamba umefika mpakani. Nyuma yako umeacha nchi ya Wamaasai, nchi ya ngano na mifugo. Mbele yako ni nchi ya Wakipsigis: mahindi na ng'ombe kwanza, kisha, kadiri barabara inavyopanda kupitia Bomet, Kaplong na Litein hadi Kericho, mashamba ya majani chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia.

Shuka hapo Mulot mwaka wa Olimpiki, uingie katika hoteli yoyote ndogo ya chai ya maziwa na mandazi. Utawakuta watu wakibishana, na usidhani kwamba ubishi wao ni wa siasa peke yake. Wanabishana juu ya majina matatu. Nani aende? Nani abaki? Na aliyeachwa, ameachwa kwa haki?

Pengine wewe msomaji unayekaa Nairobi, Nakuru au Mombasa utauliza: ubishi wa namna hii una faida gani? Mimi nasema una faida kubwa. Ndani yake mna swali ambalo kila familia hukutana nalo siku moja: je, mtu apimwe kwa kazi yake ya miaka mingi, au kwa siku moja ya mtihani?

Viti vitatu, watu kumi

Kiini cha ubishi ni hesabu ndogo tu. Katika Michezo ya Olimpiki, nchi hairuhusiwi kupeleka zaidi ya wanariadha watatu katika mbio moja za mtu binafsi. Kwa nchi nyingi kanuni hii si kitu, kwa sababu hata huyo wa pili hawana. Lakini kwa Kenya, hasa katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ni kama kuwaita wageni kumi nyumbani na huku una viti vitatu.

Kuanzia 1968 hadi 2016, kila mara Kenya iliposhiriki Olimpiki, dhahabu ya wanaume katika mbio hizo ilirudi nyumbani. Michezo tuliyoikosa ni ile ya 1976 na 1980 tuliposusia. Katika Mashindano ya Dunia mambo ni afadhali kidogo, maana bingwa mtetezi hupewa nafasi yake mwenyewe, na nchi yake ikaongeza wengine watatu. Ndiyo sababu mwaka wa 2015 kule Beijing Kenya iliweza kuwa na watu wanne katika fainali, nao wakamaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne: Ezekiel Kemboi, Conseslus Kipruto, Brimin Kipruto na Jairus Birech.

Penye wingi wa namna hiyo, kuchagua ni kuumiza. Hakuna njia nyingine.

Kisa cha jirani

Watu wa Kericho na Bomet wana sababu ya kuujua uchungu huo. Huku ndiko alikotoka Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, aliponyakua shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka wa 1964, kisha fedha huko Mexico mwaka wa 1968. Kutoka Bomet alitokea Mercy Cherono, aliyepata fedha ya mita 5,000 katika Mashindano ya Dunia ya 2013 mjini Moscow. Na kutoka Buret akatokea Paul Kipsiele Koech.

Kisa cha Koech kinafaa kusimuliwa polepole. Alipata shaba katika Olimpiki ya Athens mwaka wa 2004. Baada ya hapo alikuwa mmoja wa waruka viunzi hodari kabisa duniani: alitwaa taji la Diamond League mwaka wa 2010, 2011 na 2012, mfululizo. Mwezi wa Mei 2012, mjini Roma, alikimbia kwa dakika 7 na sekunde 54.31. Wakati huo ni watu wawili tu katika historia waliokuwa wamekwenda kasi kuliko hivyo.

Mwezi uliofuata ukaja mchujo wa Kenya jijini Nairobi. Koech hakuingia katika timu. Walioenda London ni Kemboi, Brimin Kipruto na Abel Mutai. Hata Beijing mwaka wa 2008 alikuwa ameachwa nyumbani. Kwa hiyo mtu huyu, mwenye nishani na mwenye kasi ya kutisha, alikimbia Olimpiki mara moja tu.

Hapo ndipo hoteli hugawanyika pande mbili. Upande mmoja husema: hii ni dhuluma, mtu wa tatu kwa kasi tangu dunia iumbwe anaachwaje? Upande wa pili hujibu: Roma kuna watu waliokodishwa kuongoza kasi, na hewa ni nzito. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hakuna wa kukuvuta. Olimpiki nako hakuna wa kukuvuta. Fainali ya Olimpiki ni ujanja, subira na mzunguko wa mwisho. Kwa nini basi asiyeshinda Nairobi apelekwe kwa sababu ya saa ya Roma?

Na matokeo je? London, Kemboi alipata dhahabu na Mutai shaba. Upande wa pili ukanywa chai yake kwa raha.

Mchujo hauna huruma

Waliozaliwa zamani kidogo watakukumbusha kisa cha Moses Kiptanui. Mwaka wa 1991 alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka wa 1992 akateleza katika mchujo, akaachwa. Barcelona, Kenya ilizoa nishani zote tatu za kuruka viunzi bila yeye: Matthew Birir dhahabu, Patrick Sang fedha na William Mutwol shaba. Siku chache baada ya michezo, mwezi huo huo wa Agosti, Kiptanui alivunja rekodi mbili za dunia katika muda wa siku tatu: ile ya mita 3,000 bila viunzi kule Cologne, na ile ya viunzi na maji kule Zurich.

Je, wateuzi walikosea? Ukitazama rekodi, utasema ndiyo. Ukitazama nishani, utasema hapana, kwa maana hakuna nishani ya nne. Waswahili walisema kuwa aisifuye mvua imemnyea, na mvua hii iliwanyea wote.

Wala si Kenya peke yake. Mwaka huo huo wa 1992, Mmarekani Dan O'Brien, bingwa wa dunia wa michezo kumi, alishindwa kuvuka hata urefu mmoja katika kuruka kwa upondo wakati wa mchujo wa kwao. Marekani ina desturi kali: watatu wa kwanza huenda, wengine hubaki. Akabaki. Mwezi wa Septemba akavunja rekodi ya dunia, na mwaka wa 1996 huko Atlanta akachukua dhahabu aliyokuwa ameikosa.

Lakini tusifiche upande wa pili wa shilingi. Mwaka wa 2021, Conseslus Kipruto, bingwa wa Olimpiki ya 2016 na bingwa wa dunia wa 2017 na 2019, hakufuzu katika mchujo. Tokyo dhahabu ikaenda kwa Soufiane El Bakkali wa Morocco, na utawala wetu wa miaka mingi ukakatika. Hakuna awezaye kuapa kwamba Kipruto angeshinda. Lakini ni nani awezaye kuwakataza watu kuuliza?

Chumba kilichofungwa mlango

Kama mchujo ni mkali, utasema basi tuwape wateuzi wenye hekima wakae, wapime, wachague. Njia hiyo tayari inatumika katika mbio za marathoni. Mwili wa binadamu haustahimili marathoni nyingi za nguvu kwa mwaka, na kwa hiyo maafisa wa riadha wa Kenya wamezoea kuketi na kutaja majina.

Tazama mwaka wa 2012. Geoffrey Mutai alikuwa amekimbia Boston mwaka wa 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, kasi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona, ingawa njia ya Boston haikubaliwi kwa rekodi. Mwaka huo huo akashinda New York. Patrick Makau naye alikuwa na rekodi ya dunia aliyoiweka Berlin. Lakini Aprili 2012 wote wawili walishindwa kumaliza mbio zao, mmoja Boston katika joto kali, mwingine London. Wateuzi wakawaacha. Walioshuka barabarani katika Olimpiki ni Abel Kirui, Wilson Kipsang na Emmanuel Mutai.

Kirui akapata fedha na Kipsang shaba. Dhahabu ikachukuliwa na Stephen Kiprotich wa Uganda, kijana aliyekuwa akifanya mazoezi na Wakenya. Mpaka leo kuna watu ambao hawajasamehe.

Hata hivyo, mwaka wa 2016 wateuzi hao hao walimpeleka Eliud Kipchoge, akarudi na dhahabu, na hapakuwa na mtu aliyelalamika juu yake. Mwaka wa 2024 wakampeleka tena Paris, safari hiyo kwa jina na heshima, naye hakumaliza mbio. Aliyeshinda ni Tamirat Tola wa Ethiopia. Na Tola huyo alikuwa wa akiba! Aliingia timuni kwa sababu Sisay Lemma aliumia. Wateuzi wa Ethiopia walikuwa wamemwona kuwa ni wa nne, na huyo wa nne akavunja rekodi ya Olimpiki. Sasa niambie, msomaji, ni mteuzi gani ajuaye?

Tupige kura?

Hapo mtu mmoja hotelini hukosi kumsikia akisema: basi wananchi wapige kura! Wazo hili limekwisha jaribiwa. Kule Marekani kuna mchezo uitwao besiboli, ambao karibu kila mwaka, tangu 1933, hukusanya nyota wa ligi mbili wakapambana. Mwaka wa 1957 mashabiki waliachiwa kuchagua nyota hao. Watu wa mji mmoja tu, Cincinnati, walijaza kura kwa wingi hata wachezaji saba wa timu yao wakapata nafasi za kuanza mchezo. Mkuu wa mchezo huo, Ford Frick, akaondoa wawili na kuwaweka Willie Mays na Hank Aaron, watu waliokuja kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa karne nzima. Mashabiki wakanyang'anywa kura, wasirudishiwe hadi 1970.

Fikiria basi kura ya namna hiyo hapa kwetu. Bomet ingempigia wa Bomet, Nandi wa Nandi, Marakwet wa Marakwet. Tungekuwa na hesabu ya vijiji, si timu ya taifa.

Kinachouma zaidi

Kwa kijana wa vijiji vya karibu na Mulot, jezi ya taifa ni zaidi ya nguo. Huenda ikamfungulia kazi katika polisi, jeshi au magereza, na mialiko ya kukimbia ng'ambo. Ni karo ya wadogo zake, ng'ombe wa maziwa, pengine ekari mbili tatu za shamba. Ndiyo maana wanaporudi washindi, hupokewa kwa kibuyu cha mursik. Kibuyu hicho hunywewa na ukoo mzima, maana ukoo mzima ulikimbia.

Kwa hiyo kuachwa kunauma. Lakini kuna kuachwa kwa namna mbili. Aliyeshindwa mbele ya watu, kwa kanuni aliyoijua miezi kabla, ataumia, kisha atafunga viatu na kurudi mazoezini kama alivyofanya Kiptanui. Aliyeachwa na watu wasiotoa sababu hubaki na kidonda kisichopona, na kijiji chake hubaki na shaka.

Wazazi mnalijua jambo hili. Kwa miaka mingi, kuanzia 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ulipima kazi ya miaka minane kwa siku chache. Wako watoto hodari walioamka na homa siku hiyo. Tulilalamika, na haki tulikuwa nayo. Lakini ni mzazi gani angekubali nafasi za shule zigawanywe na watu watano nyuma ya mlango uliofungwa?

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kanuni iliyo wazi, hata ikiwa kali, ni afadhali kuliko hekima isiyojieleza. Na pale ambapo wateuzi hawana budi kuchagua, kama katika marathoni, basi na watangaze mapema watakachopima, na baadaye waseme kwa nini huyu na si yule.

Mwaka wa 2024 mchujo wa Kenya wa mita 10,000 ulifanyiwa Eugene, Marekani. Beatrice Chebet, binti wa Kericho, hakuuliza wateuzi wanamfikiriaje. Alikimbia kwa dakika 28 na sekunde 54.14, rekodi mpya ya dunia, akaenda Paris akarudi na dhahabu mbili. Siku hiyo hapakuwa na la kubishania. Lakini siku kama hizo ni chache.

Basi utakapoketi na ndugu zako kubishana juu ya timu ijayo, jiulizeni mambo matatu. Kanuni ilijulikana kabla ya mbio, au ilitungwa baada ya matokeo? Huyo mnayetaka aingizwe, atolewe nani, na mko tayari kumweleza mama yake yule atakayetolewa? Na la mwisho, ambalo ndilo gumu kuliko yote: mngesema hivyo hivyo kama angekuwa mtoto wa kijiji kingine?