Wamenonite wa Congo: miaka 500 ya imani inayokataa silaha, na swali lake kwa Kivu

Tarehe 21 mwezi wa kwanza 2025, Wakristo wanaoitwa Waanabaptisti walitimiza miaka 500 tangu mwanzo wao. Siku hiyo hiyo, waasi wa M23 waliingia Minova, katika Kivu ya Kusini, na siku chache baadaye wakaingia Goma. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja. Lakini kwa waamini wa mashariki mwa Congo yanaleta swali moja: Mkristo anaweza kweli kukataa silaha wakati vita viko mlangoni pake?

Swali hilo si la wazungu wa zamani tu. Wamenonite, tawi linalojulikana zaidi la Waanabaptisti, wako wengi hapa kwetu. Wana jumuiya tatu ndani ya Kanisa la Kristo katika Congo (ECC), na waliobatizwa wanapita laki mbili. Ni nchi chache duniani zenye Wamenonite wengi kama Congo. Wengi wao wanaishi Kasai, Kwilu na Kinshasa, ndiyo maana huku Kivu wanasikika kidogo.

Ubatizo ulioleta kifo

Yote yalianzia Zurich, Uswisi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1525, baraza la mji liliamuru kila mtoto mchanga abatizwe, na mzazi atakayekataa afukuzwe. Vijana wachache, kati yao Conrad Grebel na Felix Manz, walisema ubatizo ni wa mtu aliyeamini na kuamua mwenyewe. Jioni ya tarehe 21 walikutana nyumbani, na Grebel akambatiza padri Georg Blaurock. Adui zao wakawaita Waanabaptisti, maana yake wanaobatiza mara ya pili.

Kwa msomaji wa Goma au Bukavu aliyebatizwa ziwani akiwa mkubwa, jambo hilo ni la kawaida. Wakati ule lilikuwa kosa la kufa. Ubatizo wa mtoto ulimwandikisha katika kanisa na katika utawala kwa mara moja. Kuukataa kulionekana kama kuasi serikali. Tarehe 5 mwezi wa kwanza 1527, Manz alifungwa kamba na kuzamishwa katika mto Limmat. Mwezi uliofuata, wenzake walikutana Schleitheim na kuandika mambo saba ya kuwaunganisha. Moja kati yake lilisema upanga ni wa watawala, lakini hauna nafasi katika maisha ya mfuasi wa Kristo.

Walishawahi kujaribu upanga

Si wote waliosikia. Mwaka wa 1534, kundi la Waanabaptisti liliteka mji wa Münster, Ujerumani, likisema Mungu ndiye aliyelituma. Waliwafukuza waliokataa kubatizwa, wakamtawaza mfalme wao, na mwaka uliofuata wakashindwa katika damu nyingi. Ni baada ya maafa hayo ndipo padri mmoja wa Friesland, Menno Simons, aliacha cheo chake mwaka wa 1536 na kuanza kuwakusanya waliobaki, akiwafundisha njia ya amani. Jina la Wamenonite linatoka kwake.

Kwa hiyo fundisho la kukataa silaha halikutoka kwa watu wasiojua vita. Lilipata nguvu kati ya watu walioona kwa macho yao kile silaha ilichofanya mikononi mwa ndugu zao wenyewe.

Kasai: kanisa lililopasuliwa na vita vya kabila

Huku Congo, wamisionari wa Congo Inland Mission walifungua vituo vyao vya kwanza mwaka wa 1912, Djoko Punda na Kalamba, katika Kasai. Shule na hospitali zikafuata. Lakini uhuru ulipokaribia, Baluba na Lulua wakaingia katika mapigano. Wamenonite Waluba walikimbilia upande wa Bakwanga, leo Mbuji-Mayi, na huko wakaanzisha jumuiya yao. Waliokuwa wakishiriki meza moja ya Bwana wakatenganishwa na kabila. Leo jumuiya zote mbili ni washiriki wa shirika moja la Wamenonite duniani, lakini mgawanyiko ule unaonyesha kwamba kufundisha amani hakumfanyi mtu aiponyoke chuki ya jirani.

Mwaka wa 2016 na 2017, vita vya Kamwina Nsapu vikaichoma tena Kasai. Familia za Wamenonite zilikuwa kati ya wahami. Huko Kikwit na Tshikapa, makanisa yao yaliwapokea watu waliofika mikono mitupu, yakigawa chakula na kusaidia watoto kurudi shuleni.

Kuongea na wapiganaji

Kivu nayo ina sehemu yake katika historia hii. Kuanzia mwaka wa 2012, Mmarekani mmoja wa kanisa la Wamenonite, Michael Sharp, alifanya kazi mashariki mwa Congo kwa niaba ya Mennonite Central Committee, shirika lao la msaada. Alisaidia programu ya amani na upatanisho ya ECC. Wajumbe wa programu hiyo, Wakongomani, waliingia porini bila bunduki, wakakaa na wapiganaji wa FDLR, wakasikiliza shida zao na kuwashawishi waweke silaha chini na kurudi Rwanda pamoja na familia zao. Wengi walikubali.

Kisha Sharp akawa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 12 mwezi wa tatu 2017, yeye na mwenzake Zaida Catalán, wa Uswidi, waliuawa karibu na Bunkonde, Kasai ya Kati. Mkalimani na waendesha pikipiki watatu, wote Wakongomani, walipotea pamoja nao. Mwaka wa 2022, mahakama ya kijeshi ya Kananga iliwahukumu karibu watu 50 adhabu ya kifo, adhabu ambayo kanisa lililomlea Sharp linaipinga.

Swali limebaki

Wengi huku Kivu watasema: maneno hayo ni mazuri, lakini nani atamlinda mama wa Rutshuru usiku wanapovunja mlango? Swali ni la haki, na Waanabaptisti hawana jibu jepesi. Hawaahidi kwamba asiyeshika silaha atapona. Mwaka wa 1569, huko Uholanzi, Dirk Willems alitoroka gerezani akavuka juu ya barafu. Mlinzi aliyemfuata akazama, Willems akarudi kumwokoa, akakamatwa na kuchomwa moto.

Wanachosema ni kwamba kila bunduki mpya kijijini hudai nyingine, na kwamba lazima wabaki watu wanaoweza kuvuka kwenda upande wa pili na kuongea, kwa sababu hawakumwua mtoto wa mtu. Katika mwaka ambao vijana wengi wa Kivu wanaitwa kujiunga na upande huu au ule, makanisa yanayobatiza wakubwa yana jambo la kujadili na vijana hao kabla ya kuwaingiza majini: baada ya ubatizo, mikono hiyo itashika nini?