Runinga Bila Hifadhi ni Mvua Bila Pipa

Mvua ya nyanda za juu za Uasin Gishu hainyeshi kwa haya. Hapa mtaani Pioneer, katika jiji la Eldoret, ianzapo kupiga mabati wakati wa alasiri, kila mwenye pipa hulisogeza chini ya mlizamu. Asiyekuwa nalo husimama mlangoni akiyatazama maji yakitiririka mtaroni, na kesho yake yumo njiani kumtafuta mchuuzi wa maji mwenye mkokoteni. Mtu huyo mvua hakuikosa. Alichokikosa ni pipa.

Ndugu msomaji, ninakusudia kuzungumzia runinga, nami nimeanza na pipa kwa maana shule zetu zimesimama mbele ya runinga kama mtu huyo wa mlangoni. Elimu hutunyeshea kutoka angani bila malipo, nasi tunaiachilia iende na maji ya mtaro.

Mnamo Machi 2020, serikali ilipozifunga shule zote kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, masomo yaliyoandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) yalipeperushwa kwa redio na runinga ili watoto wasikae bure. Katika ploti niishiyo, runinga iliyokuwa ikifanya kazi ni yangu. Watoto watano wa majirani wakawa wageni wangu wa kila siku, madaftari mikononi, barakoa zikining'inia videvuni. Siku moja somo lilikuwa la hesabu za akisami: robo tatu igawanywe kwa thumuni. Mwalimu wa runingani alikuwa hodari. Alikuwa ndiyo kwanza amefika pale anapoeleza kwa nini akisami ya pili hupinduliwa, umeme ukatoweka.

Uliporejea baada ya dakika chache, somo lilikuwa limekwisha kuhamia kwingine. Binti mmoja wa darasa la sita akanigeukia, akasema, "Mwalimu, si uirudishe nyuma kidogo?" Sikuwa na la kurudisha. Mimi ni mwalimu wa lugha; najua kwamba akisami ile hupinduliwa na kwamba jibu ni sita, lakini sababu yake nilikuwa nikiingojea pamoja na watoto. Nilimwambia, "Wewe pindua tu, mwanangu." Aliandika. Uso wake ulinieleza kwamba jibu hilo halikumtosha, wala halijanitosha mimi hadi leo.

Huu ndio upungufu mkubwa wa matangazo: hayamngoji mtu. Walimu waliofundisha enzi za vipindi vya redio vya shule, wakati wa Sauti ya Kenya, wanaufahamu vyema. Mwalimu akichelewa dakika tano kwa sababu ya gwaride, kipindi kilikuwa kimempita. Kujifunza kunahitaji kurudia, na kitu kisichoweza kurudiwa humfaa yule aliyekwisha kuelewa zaidi ya anayetaka kuelewa.

Waama, dawa ya ugonjwa huu ipo, na imo ndani ya uwezo wa shule nyingi pamoja na nyumba kadhaa wa kadha. Ni kuyanasa matangazo ya runinga, hata yale ya ung'avu wa hali ya juu, na kuyahifadhi ndani ya tarakilishi ya kawaida.

Tuanze kwa kueleza jinsi jambo hili linavyowezekana. Mapema mwaka 2015, Kenya ilizima mitambo ya analojia na kuhamia matangazo ya dijitali. Wengi wetu tunaukumbuka mwaka huo kwa ugomvi uliozuka, pale runinga za Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa karibu wiki tatu, kati ya Februari na Machi. Tulinung'unika kwa kulazimishwa kununua ving'amuzi, na katika manung'uniko yale hatukuona zawadi iliyofichika ndani yake.

Zamani, wenye mashine za video walirekodi kwenye kanda za VHS. Picha ilififia kila iliponakiliwa, na nakala ya nakala ilikuwa kama kutazama kwa kupitia pazia. Katika mfumo wa dijitali uliochaguliwa nchini, uitwao DVB-T2, picha husafiri angani ikiwa ni mfululizo wa tarakimu uliokwisha kubanwa na kituo chenyewe. Tarakilishi inayorekodi haiichori upya picha hiyo, bali huzipokea tarakimu na kuziandika kwenye diski kama zilivyokuja. Nakala ya kumi huwa sawa na ya kwanza, nukta kwa nukta.

Vifaa vinavyotakiwa ni vichache. Kwanza ni antena nzuri iliyoelekezwa kwenye mnara. Pili ni kipokezi kidogo cha USB, chenye umbo la flashi, ambacho upande mmoja huchomekwa kwenye tarakilishi na upande wa pili hupokea waya wa antena. Hapa mnunuzi awe macho: kipokezi cha mfumo wa kale wa DVB-T hakisomi mawimbi ya DVB-T2, na herufi hiyo moja na tarakimu yake zimewaponza wengi waliokimbilia bei nafuu. Tatu ni programu ya kuendeshea kazi yenyewe. Mojawapo ni VLC, isiyouzwa, nayo ina historia ya kuwatia moyo wanafunzi. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, waliotaka kutazama runinga kupitia mtandao wa chuo chao. Miaka mitano baadaye ilitolewa kwa ulimwengu wote bila malipo.

Asiye na tarakilishi asikate tamaa. Ving'amuzi vingi vina tundu la USB linaloweza kurekodi moja kwa moja kwenye flashi au diski ya nje. Lakini stesheni za kulipia, ambazo mawimbi yake hufungwa kwa msimbo, hazinasiki kwa njia hizi nilizozitaja. Ninachokizungumzia ni matangazo ya bure.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana hapa ndipo wengi hukwama. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576. Picha ya ung'avu wa juu kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani mara tano ya ile ya kwanza. Mwalimu wa bayolojia anayeonyesha mishipa ya jani, au wa jiografia anayeonyesha ramani yenye maandishi madogo, ataielewa tofauti hiyo bila kuelezwa. Ung'avu huo, hata hivyo, una gharama ya nafasi. Matangazo yanayopita kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hujaza gigabaiti 3.6 kwa saa moja. Yanayopita kwa megabiti 2 hujaza megabaiti 900 tu. Diski ya terabaiti moja basi hubeba saa 277 za kasi ile ya kwanza, au zaidi ya saa 1,100 za kasi hii ya pili. Fauka ya hayo, si kila stesheni hurusha kwa ung'avu wa juu, na hakuna king'amuzi kiwezacho kuongeza kile ambacho kituo hakikukituma.

Lipo pia tatizo dogo liliwapatalo wengi. Flashi nyingi huandaliwa kwa mpangilio uitwao FAT32, ambao haukubali faili inayozidi gigabaiti 4. Mtu hurekodi kipindi cha saa mbili, kisha akakuta kimekatika au kimegawanyika baada ya saa moja na ushei, akailaumu antena bure. Suluhisho ni kuiandaa diski upya kwa mpangilio wa exFAT au NTFS, iwapo kifaa chake kinaukubali, kabla ya kazi kuanza. Kuhusu umeme, tarakilishi ya mkononi yenye betri nzima huendelea kurekodi hata taa zikizimika nyumba nzima, mradi antena haitegemei kiongeza nguvu kinachotumia umeme huo. Laiti ningalilijua hilo mwaka 2020!

Kuna watakaouliza: masomo hayo si yamejaa kwenye intaneti? Yapo mengi, nami siyadharau. Lakini mzazi anayenunua bando kwa shilingi alizozipata kwa jasho hulipa kila mara mwanawe anapotaka kurudia, ilhali kurudia ndiko kujifunza kwenyewe. Somo lililonaswa kwa antena halikutozwa kitu lilipoingia, wala halitatozwa likitazamwa mara hamsini. Isitoshe, kilichowekwa intanetini na mwingine kinaweza kuondolewa na huyo huyo usiku wa manane.

Wengine watauliza kuhusu sheria, na ni haki waulize. Swali hili lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Januari 1984 iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si kosa. Miongoni mwa ushahidi ulionukuliwa na mahakama ni wa Fred Rogers, mtangazaji mashuhuri wa vipindi vya watoto, aliyesema hakuona ubaya wazazi kurekodi kazi yake. Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 imeacha mlango kwa matumizi ya binafsi yaliyo ya haki, na vilevile kwa shule kunakili matangazo yaliyokusudiwa kufundishia na kuyatumia katika ufundishaji wao. Haikuacha mlango kwa mtu anayerekodi ili auze flashi sokoni. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wasiige mitihani hana budi kuuheshimu mpaka huo.

Nimesema juu ya masomo, lakini kumbukumbu nazo zina haki yake. Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2019, watu walijazana mbele ya skrini kubwa jijini hapa kumtazama Eliud Kipchoge akikimbia Vienna. Alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mwanafunzi wa fizikia aliyezinasa mbio hizo nyumbani kwao anaweza leo kuzisimamisha, kuzirudisha nyuma, kuzihesabu hatua, na kujithibitishia kwamba mtu yule alikwenda kwa wastani wa mita 5.88 kila sekunde. Asiyezinasa amebaki na masimulizi.

Huko Philadelphia, Marekani, aliishi Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi. Kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki mwaka 2012, mama huyu alirekodi habari za runinga usiku na mchana. Aliacha kanda zipatazo 70,000. Katika uhai wake wako waliomwona kama mtu aliyepungukiwa. Baada ya kifo chake, hazina hiyo ilikabidhiwa maktaba ya Internet Archive, kwa kuwa sehemu ya yale aliyoyahifadhi haikuwa rahisi kuipata kwingine. Mkutubi alifahamu jambo ambalo wenye vituo mara nyingi hawalijali: habari ya leo ni historia ya kesho.

Sitoi wito kwamba kila mwalimu wa Pioneer arekodi usiku na mchana. Ninachopendekeza ni kidogo. Shule iliyo na tarakilishi moja inayokusanya vumbi ofisini iichague kwa kazi hii. Walimu wagawane vipindi: wa sayansi apange vyake, wa lugha vyake, na programu iwekewe saa ili ijirekodie yenyewe hata wakati wa gwaride. Wanafunzi wa chama cha tarakilishi wapewe jukumu la kuandika daftari la kila kilichonaswa: tarehe, somo, darasa, na dakika ambapo jambo muhimu linaelezwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na faili mia tatu zisizo na majina ni sawa na kutokuwa na kitu. Mwisho, kila kilicho na thamani kiwe na nakala ya pili kwenye diski nyingine, iwekwe mahali pengine, kwa sababu diski hufa bila kuugua.

Yule binti wa darasa la sita sasa yuko shule ya sekondari. Tulipokutana likizo iliyopita nilimuuliza kama alipata kuelezwa kwa nini akisami ile hupinduliwa. Alicheka, akaniambia, "Mwalimu, mimi hupindua tu." Ni mtoto mwerevu, na amefika mbali kwa kupindua tu. Hata hivyo, dakika tatu za mwalimu yule hodari zilipita juu ya paa letu siku ile, na laiti nyumba ile ingalikuwa na pipa, asingalinijibu hivyo.